Mume wangu anataka kujenga fensi mwenyewe, mimi nataka fundi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Kihesa Kilolo, hapa Iringa mjini. Naomba unijibu mapema kidogo, maana Septemba ndiyo hiyo inaisha na mvua zikishaanza hakuna tutakachofanya.

Nimeolewa, nina watoto watatu. Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 25, kimepimwa, na kinateremka kidogo kuelekea nyuma. Mbele tulishajenga ukuta wa tofali za kuchoma na geti. Pande tatu zilizobaki tuliweka fensi ya nguzo za mikaratusi na seng'enge mwaka 2021. Sasa hivi, Shangazi, hiyo si fensi tena. Nguzo zimeoza pale pale zinapoingia ardhini. Juu ukiiangalia unaona mti mzima, ukiisukuma kwa goti inakatika. Upande wa nyuma umelala tangu upepo wa Agosti, na mbuzi wa jirani wanapita kama wako kwao. Chainizi yangu yote imeisha.

Tumevunja kikoba, mgao wangu na akiba ndogo tuliyokuwa nayo inafika milioni moja na laki nane. Hiyo ndiyo hela ya fensi, hakuna nyingine.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Anasema fensi si kazi ya kumlipa mtu. Kwao Kilolo mikaratusi imejaa, kaka yake atatupa nguzo bure, tutalipia kenta tu, halafu yeye atachimba Jumamosi na Jumapili mpaka amalize. Mimi nampenda mume wangu, ila namfahamu. Banda la kuku alianza Pasaka ya mwaka juzi. Kuta zipo, paa halipo, kuku wanalala stoo. Na likizo yao ndefu ni Desemba, wakati huo si tutakuwa tunaogelea?

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anataka milioni mbili na laki tisa, ufundi na vifaa vyote juu yake, na nusu nimpe kabla hajaanza. Nilipomuuliza ataleta nguzo gani akasema, "Mama, hayo niachie mimi." Wa pili anataka laki nne ya ufundi tu, vifaa tununue wenyewe. Huyu wa pili kazi zake nimeziona mbili mtaani kwetu, zimesimama. Yeye ameshauri nguzo za kwa shemeji tuzipake oili chafu.

Kuna na hili: mama jirani anasema fensi ya zamani ilimwingilia hatua moja. Hajaja na shari, ila kila tukikutana bombani analigusia.

Mama mkwe naye anasema tuachane na nguzo, tupande minyaa pande zote tatu, bure kabisa. Nimechoka, Shangazi. Nani yuko sahihi?

Mama wa watatu, Kihesa Kilolo

*

Marahaba mwanangu, kamwene.

Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Mashimo achimbe mumeo na kibarua mmoja. Kona na kukaza waya afanye yule fundi wa pili, kwa malipo ya siku na si ya kazi nzima. Hela itakayobaki yote iende kwenye nguzo zilizowekwa dawa. Yule wa milioni mbili na laki tisa mwambieni asante, aende salama. Mtu anayetaka nusu ya hela mkononi na hataki kusema ataleta nguzo gani, hata bei ingekuwa ndogo nisingemkubali.

Nimeisoma barua yako nikaona wewe na mkwe wangu mnagombania nani ashike nyundo, wakati fensi ya 2021 haikuangushwa na aliyeshika nyundo. Iliangushwa na nguzo. Mleteni fundi bora kuliko wote Iringa, mumpe mikaratusi mibichi ya Kilolo, atawasimikia fensi iliyonyooka vizuri sana, na baada ya misimu michache ya mvua mtaniandikia barua hii hii. Nguzo za shemeji ni za bure siku ya kuzipakia kwenye kenta tu.

Umesema mwenyewe kwamba zimeoza usawa wa ardhi. Ndivyo inavyokuwa siku zote. Juu mti unapigwa na jua, unakauka. Chini kabisa kuna unyevu lakini hewa ni haba. Pale usawa wa ardhi unyevu upo na hewa ipo, na kuvu wanaoozesha mti wanahitaji vyote viwili. Mchwa nao wanaingilia hapo hapo. Oili chafu haisaidii sana kwa sababu inabaki juu juu, haizami ndani ya mti, mchwa wakipata ufa mmoja wanapita, na huku umeshaichafua ardhi unayopandia mboga. Fundi wako ameshauri kwa nia njema, wengi wanafanya hivyo, lakini mimi nisingetoa hela yangu ya kikoba kwa ajili ya oili chafu.

Sasa bahati yenu ni mahali mnapoishi. Mafinga iko kilomita kama 80 kutoka hapo mjini, barabara ya lami mwanzo mwisho, na msitu wa Sao Hill ndio shamba kubwa la miti la serikali kuliko yote nchini. Viwanda vya kuweka nguzo dawa viko kule. Nguzo za umeme nyingi unazoziona zimesimama nchi hii zimetoka ukanda huo. Nguzo ndogo za fensi nazo zinawekwa dawa ile ya kijani: mti unakaushwa, unaingizwa kwenye tangi, dawa inasukumwa kwa presha mpaka inaingia ndani ya nyama ya mti. Ndiyo tofauti yake na kupaka kwa brashi.

Hapo kwenye ukijani ndipo watu wanapoibiwa. Usinunue kwa kuangalia ganda. Mwombe muuzaji akate ncha ya nguzo moja mbele yako, uangalie pale alipokata. Dawa ya kweli utaiona imeingia ndani kama pete nene kuzunguka mti. Ukiona kijani ni uzi mwembamba pembeni na ndani kote mti ni mweupe, hiyo imepakwa rangi. Muuzaji akikataa kukata, ana sababu zake, nenda kwa mwingine. Mkiamua kwenda Mafinga wenyewe na kenta, dai risiti na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, maana vizuizi vya maliasili vipo njiani na maneno matupu hayawavushi.

Kwa kuwa dawa iko kwenye ganda na haifiki kwenye moyo wa mti, kuna kosa moja linalofanywa na watu wanaojenga wenyewe, na mafundi wa haraka haraka pia. Nguzo ikizidi urefu wanaikata chini, kisha wanafukia ile sehemu iliyokatwa. Hapo umemfungulia mchwa mlango wa katikati, anakula moyo, ganda linabaki limesimama. Upande uliokatwa ukae juu siku zote. Mwambie mkwe wangu aliandike kwa chaki ukutani.

Na vile vipande vinavyobaki visiingie jikoni kwako kamwe. Dawa ile ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Usipikie, usiotee moto, majivu yasimwagwe bustanini, na watoto wasivichezee. Mtakaposhika nguzo vaeni glavu, mkimaliza mnaoga kabla ya kula.

Tupige hesabu. Pande tatu ni 25, 20 na 25, yaani mita 70. Nguzo moja kila mita mbili na nusu inakupa nafasi 28, kwa hiyo nguzo 29. Kati ya hizo nne ni nene: mbili za kona za nyuma na mbili za mwisho pale fensi inapokutana na ukuta. Ongeza sita za kuegemeza, zinazolala mshazari, mbili kwa kila kona na moja kwa kila mwisho. Jumla 35. Ziwe za futi nane ili futi mbili ziingie ardhini na sita zibaki juu, na zile nne nene ziwe za futi tisa, zichimbiwe futi tatu. Karatasi hiyo nenda nayo kwa wauzaji watatu kabla hujamlipa yeyote. Bei ya wavu wa fensi ikiwa juu mno, rudisha seng'enge ile ya zamani kama haijaliwa na kutu, nyuzi sita au saba, na wavu uuweke upande wa mbuzi tu. Ila nguzo usizipunguze. Waya unaweza kuongeza mwakani. Nguzo huwezi kuibadilisha bila kuibomoa fensi.

Sasa kazi yenyewe. Kwa nini nimesema mashimo ni ya mumeo? Kwa sababu ni kazi ya nguvu na subira, haina siri ya ufundi, na ndiyo inayokula siku nyingi ambazo fundi angekutoza. Udongo mwekundu wa Iringa mwezi huu ni mgumu, mtaimbo unaruka. Achimbe inchi chache za kwanza jioni, amwagie ndoo ya maji, alale, asubuhi aendelee. Kwanza afunge kamba ya kujengea kutoka kona hadi kona, aikaze, apige vigingi kila mita mbili na nusu. Asichimbe kwa kukadiria kwa macho, hasa kwenye mteremko, macho yanadanganya. Akate fimbo ya futi mbili, iingie kila shimo la katikati. Isipoingia yote, shimo halijaisha, hata kama yeye ameisha. Na akikutana na mwamba, maana Iringa mwamba haujifichi, shimo la katikati anaweza kulisogeza kidogo kulia au kushoto juu ya kamba ile ile. Asiridhike na shimo la futi moja kwa kuwa jiwe limekataa. Nguzo ya namna hiyo ndiyo itakayolala kwanza upepo ukija.

Shimo la kona halisogezwi. Kwa hiyo kona zichimbwe kwanza, mjue mapema kama kuna jiwe la kuvunja.

Kona nimempa fundi kwa sababu uzito wote wa fensi uko hapo. Waya ukikazwa unavuta nguzo ya mwisho mchana na usiku, mwaka mzima. Kona ikisogea kidogo tu, wavu wote wa mita 25 unalegea na kufanya tumbo, na mbuzi anajua hivyo kabla yako. Fundi azisimamishe kwa timazi, aziegemeze vizuri zile za mshazari, amwage zege: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Zege limalizikie juu kidogo ya ardhi na literemke kutoka kwenye nguzo, maji yasikae kama kwenye bakuli. Kisha msiguse kona kwa wiki nzima, mkiwa mnalimwagilia zege asubuhi na jioni.

Ratiba hii inaendana na kazi ya mwalimu bila kusubiri Desemba. Jumamosi moja fundi anakuja na saidia fundi wake, anasimika nguzo nne na za kuegemeza, analipwa jioni anaondoka. Wiki ile zege likikomaa, mumeo na kibarua wanaendelea na mashimo ya katikati jioni jioni. Nguzo za katikati hazihitaji saruji. Rudisha udongo kidogo kidogo, unene wa kiganja, weka mawe pembeni, shindilia kwa mchi wa mti mpaka mlio ubadilike, ndipo uongeze mwingine. Mtu akimwaga udongo wote kwa mara moja na kuukanyaga kwa buti, nguzo itacheza mwezi wa kwanza wa mvua. Wikiendi nyingine ikifika fundi anarudi na kikaza waya chake.

Kukaza waya msijaribu wenyewe. Waya uliokazwa ukikatika unarudi kwa kasi, na unaweza kumtoa mtu jicho. Fundi awe na glavu, watoto wakae ndani. Wewe simama pembeni uangalie mambo mawili tu. Misumari ya U iwe ile iliyopakwa zinki, kwa sababu dawa ya nguzo inakula chuma kitupu. Na kwenye nguzo za katikati isipigwe ikazama yote. Ibaki nafasi kidogo ya waya kupita, kazi yake ni kuushikilia tu. Kubana ni kazi ya kona.

Fundi mkubaliane bei ya hizo siku mbili kwa maandishi, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi: anafanya nini, kina gani, analipwa lini. Hela ya nauli na ya chakula mpe, hakuna ubaya. Malipo yenyewe yafuate kazi iliyoonekana. Fundi mzuri hachukii hayo, na huyu wako kama kazi zake mbili mtaani zimesimama, sidhani kama atanuna. Atakachonunia ni kupunguziwa kazi kutoka laki nne. Mwambie ukweli kwamba hela ni hiyo, na siku mkijenga choo cha nje au kibaraza utamkumbuka.

Kuhusu mama jirani, hilo lifanyike kabla ya shimo la kwanza. Kiwanja kimepimwa, basi kuna bikoni, yaani zile alama za mpaka zinazowekwa na mpima. Jumapili mwende wewe, mumeo na yeye, mkiwa na nakala ya ramani ya kiwanja, mzitafute kwenye kona. Nyingi zimefukiwa na udongo au majani, zinahitaji kuparuliwa kidogo. Mkiziona, fungeni kamba mbele yake, kila mtu aone mstari unapopita. Kama kweli mlimwingilia hatua moja, rudini hatua moja, na mshukuru amelisema bombani badala ya barazani. Msipoziona, msikisie. Nendeni ofisi ya ardhi ya Manispaa mpate mpima. Kung'oa au kuhamisha bikoni kwa makusudi ni kosa kisheria, na sururu inaweza kuing'oa kwa bahati mbaya, kwa hiyo kibarua aonyeshwe zilipo. Mkishindwa kuelewana kabisa, mwenyekiti wa mtaa yupo, na baada yake Baraza la Kata la kusuluhisha. Lakini jirani anayelalamika kwa upole namna hiyo, mimi ningempelekea mchicha, nikamwomba na yeye afunge mbuzi wake.

Kama mnawaza kugeuza yote iwe ukuta wa tofali siku moja, huo ni wa fundi mwashi, msingi wake na ngazi zake kwenye mteremko si mambo ya Jumamosi, na kibali cha ujenzi kinatoka Manispaa. Kwa milioni moja na laki nane msiuanze. Nusu ukuta haumzuii mbuzi.

Na hilo la banda la kuku usilitaje tena kwenye mazungumzo ya fensi. Kila mara ukilitaja unampa sababu ya kung'ang'ania kufanya yote peke yake ili akuonyeshe. Mpe kamba, mpe fimbo ya futi mbili, mwambie yeye ndiye msimamizi na kwamba hakuna shimo litakalofukiwa kabla hajalipima. Walimu wanapenda kusahihisha.

Mama mkwe umwitikie kwa heshima, ila minyaa hapana. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaunguza vibaya, mtu anaweza kupofuka, na wewe una watoto watatu wanaocheza mpira nyuma ya nyumba. Akitaka kupanda kitu, apande michongoma. Nyanda za juu inakubali, ina miiba ya kutosha, na matunda yake watoto wanakula. Ipandwe ndani ya fensi, upande wenu, mvua za Novemba zikishalowesha ardhi vizuri. Miaka miwili mitatu ya mwanzo isingezuia hata kuku, kwa hiyo nguzo bado mnazihitaji.

Shangazi